Jini ya Maua, Moshi wa Bibi

Jumamosi moja ya Desemba nilikuwa na wageni sita nyumbani kwangu Mwananyamala, na mezani kulikuwa na chupa ya jini iliyogeuka nyekundu kama juisi ya komamanga. Tangu saa nane mchana nilikuwa nimeiloweka rozela kavu na chai ya asumini, nikaichuja, nikaiweka kwenye friji. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa amekuja wiki ile kutoka Mtoni kwa Azizi Ali kuonwa macho hospitali, na alikuwa amekaa kwenye kochi na mtandio wake, akitazama jinsi tunavyohangaika na barafu.

"Mnapika nini hapo?" akauliza.

"Kokteli, Bibi. Pombe ya kizungu, tunachanganya na chai ya maua."

Akanyoosha mkono. Nikampa glasi, nikijua hataonja, kwa sababu Bibi hajawahi kunywa pombe maisha yake yote. Akaisogeza puani, akafumba macho, akavuta pumzi mara mbili. Kisha akanirudishia.

"Si moshi huu?" akasema.

Wageni wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Kwetu neno hilo halitajwi mbele za wageni, na kwa miaka mingi halikutajwa hata mbele ya watoto. Bibi yangu alipika gongo Temeke kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 mpaka mama yangu alipomaliza chuo cha ualimu. Mwaka 1986 alifungwa miezi sita kwa ajili hiyo. Mimi nilikuja kulijua jambo hili nikiwa na miaka ishirini na tatu, nikaambiwa kwa sauti ya chini, tena nikaambiwa nisiulize zaidi.

Usiku ule, wageni walipoondoka, nilikaa na ile glasi nikajiuliza swali la kijinga: kati yangu na Bibi, tofauti ni nini? Wote wawili tumesimama jikoni Dar es Salaam na pombe kali, tukiitafutia harufu nzuri. Yeye alienda jela. Mimi nilipiga picha nikaweka Instagramu. Makala hii ni jaribio la kujibu swali hilo, na jibu lenyewe linapita mbali kidogo kabla ya kurudi Temeke.

Nianze na kilichokuwamo kwenye glasi.

Jini ni pombe kali isiyo na rangi, iliyotiwa harufu ya viungo na mimea, na cha kwanza kati ya hivyo ni tunda dogo la mti uitwao juniper. Ukiondoa juniper unabaki na pombe kali tu. Ndiyo maana kuitia jini harufu nyingine si uvumbuzi wowote, maana jini yenyewe tangu kuzaliwa ni pombe iliyotiwa harufu. Nilichofanya ni kuongeza maua mawili yanayopatikana hapa hapa. La kwanza ni rozela, ambayo wengine huiita choya, na ambayo utaikuta Kariakoo ikiuzwa kavu kwa kipimo. Kwa kweli tunachokunywa si petali. Ni kile kikombe chekundu kinacholishika ua na kubaki baada ya petali kudondoka. Sudan na Misri wanakiita karkadeh, na Dodoma wanakitengenezea mvinyo. La pili ni asumini, ambalo sihitaji kumweleza mtu wa pwani.

Sasa jiulize, nani alianza kuchanganya pombe kali, sukari, ndimu na chai? Watu wengi wangetaja London au New York. Lakini kinywaji hiki kina babu aliyezaliwa kwenye bahari yetu. Katika karne ya 17, mabaharia na wafanyabiashara wa Kiingereza waliokuwa India walijifunza kunywa mchanganyiko wa araki, sukari, ndimu, maji na viungo. Waliuita punch, na wengi wanalihusisha jina hilo na neno la Kihindi panch, yaani tano, kwa hesabu ya vitu vilivyomo. Baadaye chai ikaingia, wakati mwingine mahali pa viungo. Bakuli la punch likasafiri na meli mpaka Ulaya, likakaa kwenye meza za wakubwa, na kizazi cha baadaye kikaanza kutengeneza mchanganyiko kama huo kwa glasi moja moja.

Neno la kushika hapo ni araki. Kwa Kiarabu, araq ni jasho. Ukichemsha kilichochachuka, mvuke hupanda, ukigusa mahali penye baridi unatoka jasho, na jasho hilo likidondoka ndiyo pombe kali. Neno hili limetembea Bahari ya Hindi yote. Kusini mwa Tanzania, kwao Bibi, Newala, juisi ya mabibo iliyochachuka inaitwa uraka, na ikishakenekwa inaitwa nipa. Uganda ni waragi. Mtu akikwambia kwamba pombe kali ni kitu cha kizungu kilichotujia kwenye kreti, mwulize haya maneno yalipita wapi.

Tena ufundi wa kukeneka haukuanza na ulevi. Wahunzi wa harufu wa ulimwengu wa Kiislamu walikuwa wakitoa maji ya waridi kwa njia hiyo hiyo karne nyingi kabla jini haijapewa jina. Mpaka leo, Jabal Akhdar huko Oman, familia huchuma waridi alfajiri majira ya Machi hadi Mei, huyaweka kwenye vyungu juu ya moto, na maji yanayodondoka ndiyo yanayopelekwa misikitini, harusini na kwenye halua. Mabibi wa Unguja na Tanga waliokuwa wakinyunyizia wageni marashi mlangoni walikuwa wakinyunyiza kazi ya chungu cha aina hiyo. Chungu ni kimoja, moto ni mmoja. Weka waridi, utasifiwa. Weka mabibo, utakamatwa.

Hapo ndipo sheria inapoingia, na inaingia mapema kuliko nilivyodhani.

Mwaka 1890, mataifa makubwa yalikutana Brussels kuzungumzia biashara ya watumwa, wakatia sahihi mkataba ambao ndani yake kulikuwa na sehemu ya pombe. Walichora mkanda kwenye ramani ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini, na kukubaliana kuzuia au kutoza ushuru pombe kali ndani ya mkanda huo. Dar es Salaam imo ndani. Tarehe 10 Septemba 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkataba mwingine ulitiwa sahihi Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, ukiwa mahsusi kwa pombe kali Afrika. Na Tanganyika ilipokabidhiwa kwa Waingereza chini ya Shirikisho la Mataifa, kifungu cha 5 cha hati ya udhamini kiliwataka kudhibiti vikali mambo mawili kwa pamoja: silaha na risasi, na uuzaji wa pombe kali. Yaani bunduki na chupa vilikaa kwenye sentensi moja.

Haya yote yalielezwa kama ulinzi. Kulikuwa na watu wema ndani yake, wamisionari na wapinga utumwa waliokuwa wameona jinsi pombe za bei rahisi kutoka Ulaya zilivyomwagwa Afrika Magharibi. Siwezi kuwacheka. Lakini matokeo yake kwenye mitaa ya Dar yalikuwa ya ajabu. Mzungu wa Uzunguni angeweza kukaa barazani jioni na jini yake na maji ya kwinini, tena akaiita dawa ya malaria. Mwafrika wa Kariakoo angeweza kunywa pombe ya mtama au tembo kwenye kilabu kilichoruhusiwa, alipe kodi yake, arudi nyumbani. Pombe kali haikuwa yake. Zuio hilo lilianza kulegea baada ya Vita Kuu ya Pili, kwanza kwa bia za chupa, kisha katika miaka ya 1950 kwa vinywaji vikali. Mpaka hapo, kilichoamua kama unaruhusiwa kunywa jini ni rangi yako.

Na kwinini yenyewe haikuwa ngeni kwetu. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1902. Huko walipanda mikwinini, na wakati wa vita, meli za kwao zilipozuiwa, Amani ilitengeneza kwinini kwa ajili ya wanajeshi. Huko huko Amani walijaribu pia kupanda chai, ambayo kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1926. Kwa hiyo mikwinini, miwa na ndimu, vyote vilikuwa vikiota hapa hapa. Kilichokuwa kigeni kabisa ni ruhusa ya kuinywa.

Kilichokatazwa hakikukosekana. Wanajeshi wa Kisudani waliotumika kwenye majeshi ya wakoloni, na ambao baadaye waliitwa Wanubi, walikaa Kibera, Nairobi, na miji mingine ya Afrika Mashariki, na wake zao walijulikana kwa kukeneka pombe kali. Maofisa wa Kiingereza waliiita Nubian gin. Nilipolikuta jina hilo kwa mara ya kwanza, kwenye kitabu cha mwanahistoria Justin Willis kuhusu historia ya pombe Afrika Mashariki, Potent Brews, nilirudia kusoma sentensi. Maofisa wale walikuwa wakiijua jini. Ndiyo waliyokuwa wakinywa. Na walipoonja au kunusa kilichotoka kwenye pipa la mwanamke wa Kinubi, neno lililowajia ni lile lile, jini. Bibi yangu alifanya hivyo hivyo kwenye kochi langu, ila kwa kuanzia upande wa pili.

Kwa Kiswahili jina likawa moshi, kwa sababu ya mvuke, au kwa sababu ya moto unaokusaliti kwa majirani. Gongo lilikuja kulifunika jina hilo mitaani, lakini kwenye sheria moshi ulibaki.

Kabla sijafika huko, niombe ruhusa tupite London mara moja, kwa sababu kuna kitu nilikiona huko kilichonituliza.

Jini tunayoiona leo kwenye chupa za kupendeza, zenye michoro ya maua na bei ya kodi ya chumba, ilikuwa gongo ya Waingereza. Mwanzoni mwa karne ya 18, London ilijaa jini ya bei rahisi iliyotengenezwa kwenye vyumba vya nyuma na kuuzwa kwenye vibanda, mikokoteni na vikapu. Wauzaji wengi walikuwa wanawake maskini, wajane na wahamiaji kutoka vijijini, waliokosa mtaji wa biashara nyingine. Mwaka 1736 Bunge likapitisha sheria: anayetaka kuuza jini kwa rejareja alipe leseni ya pauni 50 kwa mwaka, fedha ambayo muuza kikapu hakuwa na ndoto nayo. Mtoa taarifa aliahidiwa pauni 5. Wakazuka wachomaji wa kulipwa, na wengine wao wakapigwa na umati barabarani. Jini haikupungua, ila wanawake waliojaa mahakamani ndio walioongezeka. Sheria nyingine ilikuja mwaka 1751, mwaka ule ule mchoraji William Hogarth alipochapa picha yake ya mtaa wa jini, na katikati ya picha hiyo ameketi mwanamke mlevi anayemdondosha mtoto wake.

Nilimwonyesha Bibi picha hiyo kwenye simu, nikamweleza. Aliitazama muda mrefu, ameisogeza karibu na jicho lake zuri.

"Huyu aliyemchora," akasema, "alimchora mnywaji. Mwuzaji yuko wapi?"

Basi, turudi kwetu.

Uhuru ulipokuja, nchi mpya zilirithi tatizo lile lile: pombe kali ilikuwa inatengenezwa na watu kila mahali, serikali haipati kodi, na watu wengine wanadhurika. Uganda ilitunga sheria ya enguli mwaka 1965, ikataka wapikaji wawe na leseni na wauze pombe yao kwa kiwanda, ambacho kiliisafisha na kuitia chupani kwa jina la Uganda Waragi. Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi: mama wa kijijini awe mzalishaji wa malighafi. Tanzania nayo ikawa na sheria yake ya mwaka 1966, na jina lenyewe linasema kila kitu: ni sheria ya utengenezaji na ukenekaji wa moshi. Kwa sheria hiyo watu wameshitakiwa miaka na miaka kwa kukutwa na lita tano, lita ishirini, pipa, mpira wa kupitishia mvuke.

Halafu kukaja konyagi. Neno limetokana na Cognac, mji wa Ufaransa na brandi yake, lakini konyagi yetu si brandi. Wala si jini kamili, kwa sababu haijinadi kwa juniper, na nguvu yake ya asilimia 35 haifiki kiwango cha 37.5 ambacho Ulaya hukidai ili chupa iitwe jini. Ni konyagi tu, pombe kali nyeupe yenye harufu ya viungo, na watu wa Dar wameizoea hivyo, kwa Stoney Tangawizi, kwa bitter lemon, kwa madafu. Kiwanda chake, Tanzania Distilleries, kiko Chang'ombe, Temeke. Kwenye lebo wameandika kwa Kiingereza kwamba ni roho ya taifa, na hapo kuna mchezo wa maneno, kwa sababu kwa Kiingereza roho na pombe kali huitwa neno moja.

Kutoka kiwandani hapo mpaka alipokuwa anaishi Bibi ni safari fupi ya daladala.

Nilimuuliza Bibi, mara hii kwa kukaa naye siku nzima, tukiwa wawili tu. Alifika Dar mwaka 1974 akiwa na watoto wawili, mume akiwa kuli bandarini. Mume alipofariki, alijaribu maandazi, akajaribu mkaa. Mwanzo wa miaka ya 1980 hali ilikuwa ngumu, wenye umri wanakumbuka: foleni za sabuni, sukari kwa kadi, na mwaka 1983 operesheni ya Nguvu Kazi ikiwasomba mitaani watu wasio na vitambulisho vya kazi. Bia ya chupa yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Kilichokuwepo ni ujuzi aliokuja nao kutoka Newala. Msimu wa mabibo ndugu walimletea yaliyokaushwa. Msimu usipokuwepo alitumia pumba na sukari guru.

"Ulijifunza kwa nani, Bibi?"

"Kwa mama. Yeye naye kwa mama yake. Kwetu mtoto wa kike hufundishwa."

Kilichonishangaza ni ufundi wenyewe. Matone ya mwanzo alikuwa anayamwaga, kila mara, hata mteja akisimama mlangoni na hela. Alisema yale "yana ukali wa macho". Ya mwisho nayo hakuyauza, alisema yananuka kitambaa kibichi. Alichouza ni ya katikati. Nimesoma baadaye kwamba kila mtengeneza jini, London au kwingine, hufanya mkato huo huo, na hulipwa kwa kuujua. Bibi aliujua kwa pua. Na kwenye ile ya katikati aliweka mchaichai na maganda ya chungwa. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu wanatia chumvi kwenye mchuzi.

"Mteja ni mtu, mjukuu wangu. Ananusa kabla hajameza."

Alikamatwa usiku. Jirani alikuwa amesema. Anamjua, na walizikana: Bibi alienda msibani kwake mwaka 2009, akaosha vyombo. Kuhusu gerezani alisema mambo mawili tu, kwamba alifundisha wenzake kusuka mikeka, na kwamba mama yangu, akiwa na miaka kumi na minne, alibaki akiwalea wadogo zake. Alipotoka, akapumzika wiki moja, akawasha moto tena.

Sasa, ni rahisi sana kwangu, niliyesoma chuo kikuu kwa jasho la pipa lile, kuandika kwamba sheria ilikuwa ya uonevu tupu. Si kweli, na Bibi mwenyewe hakubali. Gongo imeua watu. Mwezi Novemba 2000, Nairobi, pombe iliyochanganywa na methanoli iliua watu zaidi ya mia moja, na wengine wakapofuka. Methanoli huioni wala huinusi kwa uhakika, na kuwasha kiberiti na kutazama rangi ya moto, kama watu wanavyofanya, hakukulindi. Bibi aliwafahamu waliokuwa wakitia mambo kwenye pipa ili kuongeza ukali, na aliwachukia kama mwokaji anavyomchukia anayechanganya unga na chokaa. Hata pombe ya leseni haikuwa salama kwa kuwa na leseni tu: tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali vilivyokuwa vikiuzwa mpaka kwa wanafunzi, na sidhani kuna mzazi wa Temeke aliyelia.

Kwa hiyo sisemi moto uwashwe uani. Nasema hivi: kwa zaidi ya miaka mia moja, katika mji huu, swali la nani anaruhusiwa kushika pombe kali limejibiwa kwanza kwa rangi, halafu kwa mtaji, na mara chache sana kwa ufundi. London yenyewe iliamka juzi tu. Mwaka 2009 vijana wa kampuni ya Sipsmith walipata leseni ya mtambo mdogo wa shaba Hammersmith, baada ya kuhangaika na mamlaka zilizozoea kutoa leseni kwa mitambo mikubwa pekee. Baada ya hapo jini za mafundi wadogo zikazuka Uingereza nzima, na wimbi hilo ndilo lililonifikia mimi Mwananyamala kwa njia ya video fupi za jikoni. Kilichobadilika pale ni mlango, ukafunguliwa kwa wadogo, kwa masharti na ukaguzi. Kwetu, ujuzi wa kina Bibi haukuwahi kupewa mlango wa aina hiyo. Uliitwa uhalifu ukaachwa ufe nao, au uendelee vichakani mahali ambapo hakuna anayemwaga matone ya mwanzo.

Nilikuahidi kinywaji, msomaji, na ahadi ni deni.

Nunua chupa ya jini ya dukani, yenye stempu ya kodi, ya mililita 750, au konyagi ukipenda, ila itakuwa laini zaidi. Tia kwenye mtungi wa kioo pamoja na vijiko vikubwa viwili vya rozela kavu na kijiko kikubwa kimoja cha chai ya kijani yenye asumini. Usichemshe chochote, pombe inavuta harufu yenyewe. Baada ya saa moja onja, na ikifika saa mbili chuja. Usiache mpaka kesho, kwa sababu majani ya chai yakikaa sana yanatoa uchungu wa kukausha ulimi, na rozela inageuka siki. Pembeni, chemsha kikombe cha maji na kikombe cha sukari na vipande vya tangawizi na iliki mbili, iwe shira, ipoe. Kwa glasi moja weka mililita 50 za jini ile, 25 za maji ya ndimu na 20 za shira kwenye chupa ya jamu yenye barafu, funga kifuniko, tikisa mpaka chupa iumize vidole kwa baridi. Mimina, jazia soda kidogo. Ndimu ikiingia, wekundu wa rozela unang'aa zaidi, maana rangi yake hupenda uchachu. Mimi sasa naongeza ganda la chungwa na kijiti cha mchaichai.

Asiyekunywa pombe asikose. Rozela na asumini kwa maji ya moto, shira ile ile na ndimu, ni kinywaji kamili.

Nilipomaliza kuandika rasimu ya kwanza nilikwenda Mtoni kumsomea, kwa sababu sikutaka asikie kwa watu. Nilisoma polepole. Mahali pa jirani alinizuia, akasema nipunguze, nikapunguza. Mahali pa Waingereza na vikapu vyao alicheka mpaka akafuta machozi, akataka nirudie kiasi cha leseni. Nilipofika mwisho alikaa kimya, na nje palikuwa na watoto wanapiga mpira ukutani.

"Mama yako anajua unaandika?"

"Anajua. Amesema ni juu yako."

"Andika," akasema. "Ila jina langu usiweke. Na uandike kwamba ya mwanzo nilikuwa namwaga."

Kisha akaniuliza kama nimekuja na ile chai ya maua. Nilikuwa nayo kwenye mfuko. Aliweka maji jikoni mwenyewe, akanusa pakiti kabla ya kuifungua, akasema asumini hii ya dukani imechoka, nimpitie siku nyingine asubuhi, jirani yake ana mti.